"Maada Giza": Istilahi Inayopotosha

Sisi wanaistilahi tumezoea kuuliza kama neno linatamkika na kama linafuata mofolojia ya Kiswahili. Ni nadra kuuliza kama linasema kweli. "Maada giza" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na kosa la lugha chanzi tumelirithi pamoja na neno lenyewe.

Giza, kwa msemaji wa Kiswahili, huziba macho. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza mbona giza hilo halizifichi nyota. Swali lake lilikuwa sahihi. Mbovu ni istilahi. Maada hii haizuii nuru wala haisukumwi nayo, na sifa hiyo ndiyo iliyoamua mpangilio wa galaksi.

Ulimwengu ulipokuwa mchanga, maada ya kawaida ilikuwa imefungamana na nuru. Kila ilipovutwa ijikusanye, kanieneo ya nuru iliisukuma nje, yakasambaa mawimbi mfano wa yale ya sauti. Maada ile nyingine, ambayo ni takriban mara 5 ya ya kawaida, haikupata msukumo huo, ikaendelea kujikusanya. Atomi zilipoundwa, miaka 380,000 hivi tangu mwanzo, nuru ilijitenga na mawimbi yakakoma. Hapo ndipo maada ya kawaida ilipoanza kuyafuata malundo yaliyokwisha kutangulia, na humo galaksi zikaja kuzaliwa. Athari ya mawimbi haikufutika: mwaka 2005 makundi mawili ya wanaastronomia yalitangaza kwamba galaksi zilizoachana kwa takriban miaka nuru milioni 500 zina wingi uliozidi kidogo ule wa kubahatisha. Aidha, mwaka 2010 Tseliakhovich na Hirata walionyesha kuwa maada hizo mbili zilipishana kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa sekunde, kasi iliyoipita ile ya sauti katika gesi ya wakati huo, hata malundo madogo yakashindwa kuishika gesi.

Hakuna hata hatua moja katika maelezo hayo inayohitaji giza.

Wapo wanaopendelea "maada fiche". Lakini ufiche ni upungufu wa macho yetu, si sifa ya kitu. Napendekeza "maada isonuru", kwa kutumia kirejeshi kikanushi -so- kilichozoeleka kwa washairi wa mwambao. Nitaambiwa kwamba neno hili linanuka ushairi. Nakubali; ila "giza" nalo ni sitiari, tena isiyolingana na kinachosemwa.