Wito wa Kuokoa Mikoko ya Tudor

Mikoko ya hori la Tudor ndio msitu wa Mji wa Kale wa Mombasa. Maji yanayopita chini ya Ngome ya Yesu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kati ya mizizi yake. Mlilana husimama mbele kabisa, panapopiga mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia. Mchu huota hata kwenye ardhi ya chumvi inayofikiwa na maji wakati wa bamvua tu. Humo huishi kaa, tondo, chaza, kamba, na samaki wachanga ambao baadaye hunasa katika nyavu za wavuvi wa kisiwani.

Nyumba kongwe za mji huu zinadaiwa na miti hii. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope lililofukia mizizi, na miti mingi ikafa. Maafa hayo yalipita. Panga la mchoma makaa, maji taka na plastiki vingalipo. Mizizi ya mchu hutokeza juu ya tope ili ipumue, na ikifunikwa na taka mti hukosa hewa.

Wakazi wa Mji wa Kale, Tudor na Mikindani wanaombwa waanze na taka: mitaro isafishwe kabla ya masika, maana kila kilichomo huishia horini. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata bila kibali ni kosa. Anayeona ukataji atoe taarifa kwa Shirika la Huduma za Misitu. Sheria ya misitu ya 2016 inawapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya na kushiriki katika usimamizi, nafasi ambayo vijana na wavuvi wasiiachie wengine.

Upandaji nao unataka uangalifu. Mbegu ndefu za mkoko huokoteka kwa urahisi, hivyo hupandwa popote, hata mahali pa mlilana, ambako mawimbi huzing'oa. Vikundi viwaulize kwanza wavuvi wazee ni mti gani uliokuwepo hapo. Palipobaki miti mizazi, tope likiachwa bila kukanyagwa wala kutupiwa taka, miche huota yenyewe. Kazi ya watu hapo ni ulinzi.