MAONI: Hita ikipuliza baridi, usiseme tu ‘Kenya hakuna theluji’

Ni Julai, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Umetoka kitandani kwa shida, umewasha gari, umezungusha swichi ya hita hadi kwenye rangi nyekundu na feni inavuma kweli kweli. Dakika ishirini baadaye uko Uthiru kwenye foleni, na kinachokupuliza miguuni ni baridi ile ile uliyoikimbia nje.

Nakujua. Unazima hita, unavaa hudi na kuongeza muziki. “Hita ya nini? Hii ni Nairobi, si Ulaya.”

Mimi pia nilikuwa na msemo huo, hadi jioni moja nikitoka Naivasha. Nilipofika Kinungi mvua ilikuwa inanyesha, abiria wanne ndani, kioo cha mbele kikajaa ukungu hadi nikawa naendesha kwa kubahatisha taa za lori lililokuwa mbele yangu. Niliwasha hita ili kukausha kioo, ikapuliza baridi. Tulifungua madirisha, tukalowa, na aliyeketi kando yangu akawa anapangusa kioo kwa skafu hadi Limuru. Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Msimamo wangu ni huu: hita si starehe ya watu wa nchi za theluji. Ni kifaa cha usalama, na pia ni daktari wa bure wa injini yako. Ikianza kupuliza baridi, gari linakuambia kitu, na vijana wengi tumeamua kutolisikiliza.

Hita ya gari la petroli au dizeli haina waya wa kuchemsha kama birika la umeme. Inatumia joto la injini. Maji yanayopoza injini, au tuseme kulanti, hutoka humo yakiwa moto, mengine yakaenda kwenye rejeta kubwa ya mbele na mengine kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa kupitia hiyo ndogo, nawe ukapata joto. Kwa hivyo hewa ikiwa baridi baada ya injini kupata moto, ama maji hayatoshi, ama hayazunguki, ama hayana joto, ama kile kibao kinachofungulia hewa ya moto kimekwama.

Unaweza kujua ni lipi kabla hujampigia makanika simu. Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto hata kama umeambiwa na nani. Maji hayo yana presha na yatakuchoma uso. Angalia chupa ya akiba: maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha fungua rejeta yenyewe, kwa sababu chupa inaweza kujaa ilhali rejeta ina pengo. Yakiwa yamepungua, hapo ndipo tatizo lilipo, na swali linalofuata ni yanaenda wapi. Mfumo huu umefungwa. Maji hayapungui tu yenyewe kila wiki.

Gusa zulia la upande wa abiria. Likiwa limelowa, na ndani ya gari kuna harufu tamu tamu, huenda rejeta ndogo inavuja. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari tena. Maji yameingia kwenye oili.

Kama maji yako sawa, endesha kidogo na uangalie geji ya joto. Magari mengi madogo tunayonunua hayana geji, yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu likichemsha. Ile buluu ikichukua muda mrefu mno kuzima, au ikizima ukiwa mtaani kisha kurudi ukishika barabara kuu, shuku thamostati. Hicho ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa kabla injini haijapata moto. Kikikwama wazi, injini haipati joto lake, na hita pia haipati.

Mwisho, kuna mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Injini ikishapata moto, izime, kisha iguse kwa tahadhari. Yote ikiwa moto na hewa bado baridi, kibao cha hewa ndani ya dashibodi kimekwama. Mmoja moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au kuna valvu iliyofungwa. Yote baridi, basi ni maji, hewa iliyonaswa, thamostati au pampu. Na iwapo hita inapuliza baridi huku geji ikipanda juu, egesha mara moja. Usijiambie utafika tu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Hapa mjini tuna desturi ya kutibu gari kwa kuling’oa viungo. Gari likichemsha, thamostati inatolewa na kutupwa. Rejeta ndogo ikivuja, mipira miwili inaunganishwa pamoja ili maji yasipite huko tena. Unalipa kidogo, unaondoka ukitabasamu. Wakati huo sababu iliyofanya gari lichemshe, labda rejeta iliyoziba au feni isiyofanya kazi, bado iko pale pale. Isitoshe, injini isiyo na thamostati hufanya kazi ikiwa na baridi, na kompyuta ya gari huendelea kuimiminia petroli ya ziada ikidhani ndiyo kwanza imewashwa. Ulichookoa gereji unakilipa kwenye kituo cha mafuta, kidogo kidogo, bila kujua.

Desturi ya pili ni maji ya mfereji. Magari haya hutoka Japani yakiwa na kulanti. Likishafika hapa, tunaongeza maji ya bomba leo, ya kisima kesho, hadi rangi inapotea na kubaki ya kutu. Maji ya visima katika mitaa mingi yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya vijia vyembamba. Rejeta ndogo ya hita, kwa kuwa ni nyembamba, mara nyingi huwa ya kwanza kuziba. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji matupu huchemka kwenye digrii 94 hivi, na ukipanda Limuru, mapema zaidi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye digrii 90 au zaidi kidogo. Kulanti pamoja na presha ya kifuniko kizima ndivyo vinavyokupa nafasi ya kupumua. Ukiwa na maji matupu na kifuniko kilichochoka, nafasi hiyo haipo.

Utasema makanika ndio wabaya. Hapana, si haki. Makanika wa Grogan au Kirinyaga Road anajua thamostati ni ya nini. Lakini sisi ndio tunaomwambia, “Fanya tu litembee, boss, nitarudi mwisho wa mwezi.” Tunataka kazi ya siku mbili ifanywe kwa saa moja, na spea ya bei ya chini kuliko zote. Tukirudi mwisho wa mwezi, tunarudi na subufa mpya na rimu, si thamostati. Fundi naye ana kodi ya kulipa. Anakupa ulichoomba.

Najua pia pesa hazipo. Wengi wenu gari hilo ni la mkopo, na wengine ndilo jiko lenu; mnabeba abiria wa programu za simu usiku kucha ili kulipa Sacco. Ndiyo maana hasa nasema. Chupa ya kulanti na thamostati haziwezi kulinganishwa na injini nzima, na siku injini inapokufa mkopo haufi nayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, tena kwa riba.

Basi fanyeni mambo matatu. Kwanza, jumapili moja mfungue boneti na mjue chupa ya maji iko wapi na rangi yake ni gani. Pili, mkimpelekea fundi gari, muulizeni “kwa nini” kabla ya “ngapi”, na mkatae kitu kung’olewa bila kingine kuwekwa. Tatu, ukienda kununua gari la mtu, liwashe likiwa baridi, ngoja kama dakika kumi na tano, kisha washa hita hadi mwisho. Muuzaji akikwambia, “Hiyo huku haitumiki,” mshukuru kwa muda wake na uende zako. Amekwishakuambia jinsi alivyolitunza.

Na siku moja ukinaswa kwenye foleni ya Thika Road saa saba mchana, geji ikianza kupanda, zima AC, fungua madirisha na uwashe hita hadi mwisho ukitafuta mahali pa kuegesha. Utatoka jasho, lakini joto hilo linalokuunguza magoti ni joto linalotoka kwenye injini. Ila hilo litakusaidia tu kama hita yako bado inafanya kazi.