Tuzisikilize Beringi Kabla Hazijalia

Ni desturi ya wenye vinu vya kusagia muhogo na mahindi, tangu Zongwe hata Kalemie mjini, kuzitia grisi beringi za mashine zao kwa kuhesabu siku, au, lililo baya zaidi, kwa kungoja hata chuma kilie kwa sauti ya kusikika barabarani. Nami naona desturi hiyo, ingawa tumeirithi kwa mafundi tuwaheshimuo, inatutia hasara tuliyo na uwezo wa kuiepuka.

Baina ya gololi na njia yake hukaa utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele, nao ukipungua, chuma husuguana na chuma na kutoa mlio wa mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, usiofikiwa na sikio la mwanadamu. Kipo chombo cha mkononi kiunasacho mlio huo na kuushusha hata usikike. Na kanuni ya mafundi wengi wa fani hii ni kwamba sauti ikipanda desibeli 8 juu ya kipimo kilichoandikwa beringi ilipokuwa nzima, mafuta yamekwisha kuhitajika. Hapo grisi hutiwa kidogo kidogo huku fundi akisikiliza, na huachwa sauti itulapo, kwa kuwa grisi ya kupita kiasi nayo huchemsha beringi na kuharibu sili zake. Mtikisiko wa kupimika aghalabu huja baadaye, njia ya gololi ikiisha kuchubuka. Na joto la kuunguza mkono huja wakati tiba haifai tena.

Thamani ya grisi si habari ngeni katika ziwa letu la Tanganyika. Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, mafundi walizipaka injini grisi nyingi kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta zingali zafaa, na 1927 meli ikarudi safarini kwa jina la Liemba.

Atatokea wa kusema kwamba vyombo hivi vya kusikilizia ni vya mitambo mikubwa, kama ule wa Bendera utuleteao umeme. Walakini mtambo mkubwa una mafundi wa kuajiriwa, ilhali mwenye kinu, beringi ikimvunjikia, huenda akaingoja nyingine kutoka Lubumbashi au ng'ambo ya ziwa, na akina mama wakarudi kwenye mchi. Basi wenye vinu na wachangie chombo kimoja kizunguke kwa zamu, na kila beringi iwe na ukurasa wake daftarini. Bisibisi ndefu, ncha juu ya kasha la beringi na mpini sikioni, hadhari ya mkanda ikichukuliwa, itasaidia kwa sasa, ijapokuwa habari zake huchelewa.