Cheti si Kinga

Kumtoa mbwa katika makao yaliyofurika na kumpeleka kwa mlezi mpya ni tendo la huruma. Ni suala la afya ya jamii pia. Mwezi Juni 2021, mbwa 33 waliookolewa walisafirishwa kwa ndege kutoka Azerbaijan hadi Chicago, Marekani. Wote walikuwa na vyeti vya chanjo. Siku chache baadaye, mmoja wao alithibitika kuugua kichaa cha mbwa huko Pennsylvania, ilhali wenzake walikwisha kutawanywa katika majimbo kadhaa.

Wapo wasemao kwamba kusubiri huwaua mbwa makaoni. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, Julai mwaka huohuo, vyeti vya uongo vilipozidi, Marekani ilisitisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100. Haraka ya wachache ikawafungia wengi njia.

Virusi hivyo huweza kukaa mwilini kwa miezi bila dalili. Basi mbwa achanjwe na kuangaliwa kwanza, ndipo asafirishwe. Naye aliyeumwa na mbwa, awe mgeni au wa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo. Dalili zikishatokea, tiba huwa imechelewa.