Mkono Unaomwaga Mbegu



Kiingereza kina neno broadcast, ambalo leo maana yake ni kutangaza kwa redio au televisheni. Lakini neno hilo lilizaliwa shambani. Limeunganisha maneno mawili, «pana» na «tupa», nalo lilitaja kazi ya mkulima anayetembea akimwaga mbegu kila upande kwa kiganja chake. Watu wa redio waliliazima katika miaka ya 1920. Wazee wetu wanaijua kazi hiyo: maharagi hufukiwa shimoni, bali ulezi humwagwa kwa mkono.

Katika Evanjili ya Matayo, sura ya 13, tunakuta wapanzi wawili katika shamba moja. Mwenye shamba alipanda mbegu njema. Adui akaja usiku, watu wakiwa wamelala, akamwaga magugu katikati ya ngano, kisha akaenda zake. Tendo la mkono ni lilelile. Mbegu ndiyo iliyotofautiana. Tena adui hakungoja kuona mavuno.

Sisi tunaoshika simu tu wapanzi pia. Na mavuno ya uvumi tumekwisha kuyaona. Ebola ilipoangamiza watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 hadi 2020, habari zilienea kwamba ugonjwa huo ni uongo wa kutafutia pesa. Wagonjwa wengine walifichwa nyumbani. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto.

Wengine hujitetea: «Mimi sikutunga habari, nimeituma tu.» Tunawajibu: hata mkulima hakuumba mbegu, lakini hupepeta kabla ya kumwaga. Nani amesema? Nani ameona? Habari hii itamjenga nani, itamuumiza nani? Mwenye shamba aliwakataza watumishi kung'oa magugu, wasije wakaing'oa na ngano. Ndivyo ilivyo: kilichokwisha kumwagwa hakikusanyiki tena kwa urahisi.

Hatusemi tunyamaze. Mbegu iliyobaki kikapuni haimlishi mtu, na Evanjili yenyewe tumepewa ili tuieneze. Lakini aliyetuma uongo arudi katika kundi lilelile, mbele ya watu walewale, akiri: «Nimekosea.» Adui alikwenda zake, mpanzi wa kweli hubaki shambani na kuyajibia mavuno yake.