Safari ya Ndege Huanzia Mowlem

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ndege hukata takriban kilomita 420 kwa muda usiofika saa moja. Kwa mkazi wa Mowlem, mtaa wa Nairobi, hesabu hiyo ni nusu tu. Safari yake huanza akiburuta sanduku hadi stejini, matatu ikinyata kwenye msongamano wa barabara ya Outer Ring, kisha foleni za ukaguzi. Na akishatua Port Reitz, uliko uwanja wa Moi, kisiwa cha Mombasa bado kiko ng'ambo ya Makupa. Utasema ndege bado ni afadhali, kwa kuwa basi humaliza usiku mzima barabarani. Kweli, wala sibishi. Lakini treni ya SGR, iliyoanza 2017, huchukua kama saa tano, na hapo pengo kati yake na ndege hupungua sana. Kabla ya kulipia tiketi, hesabu saa kuanzia mlangoni kwako.