Dalili ya Hatari Isipuuzwe

Tangu mwaka 2010, umeme ulipovushwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, kazi ya kuchemsha maji kisiwani humo haikubaki kuwa ya mafiga na seredani peke yake. Huko Shumba, kama penginepo katika Wilaya ya Micheweni, maji ya moto si anasa. Mzazi hukandwa kwayo, mtoto mchanga huogeshwa kwayo, na mzee mwenye baridi yabisi hupata nafuu kwayo. Kwa hiyo hatuna neno la kuilaani hita ya umeme itiwayo ndani ya ndoo. Tunalolilaumu ni mazoea ya kuendelea kuitumia baada ya yenyewe kwisha kutoa onyo.

Yafaa ieleweke kwamba chombo cha umeme aghalabu hutanguliza dalili kabla ya kudhuru. Plagi huwa ya moto ikishikwa. Waya hunuka mpira ulioungua. Swichi hutoa cheche. Fyuzi hukatika mara kwa mara. Iliyo mbaya kuliko zote ni mtu kugusa maji akahisi mtetemo mkononi, kwani maana yake umeme umekwisha vujia majini, na nyumba isiyo na waya wa ardhini haina cha kuuzuia. Hata hivyo wapo wasemao, "Huuma kidogo tu, tumeizoea." Twauliza: je, mauti nayo huzoeleka?

Iko na dalili iwahusuyo hasa wakaao nchi ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vya nchi kama hiyo hubeba chokaa, nayo hugandamana na koili kama gamba jeupe. Gamba likizidi, joto hukosa pa kutokea, koili huungua ndani na ganda lake hupasuka. Gamba hilo lalainishwa kwa siki au maji ya ndimu, hita ikiwa imekwisha chomolewa na kupoa. Lakini iliyopasuka haitengenezwi, hutupwa.

Mkono usitiwe majini kabla plagi haijachomolewa, wala ndoo ya bati isitumike. Maji yenye joto la digrii 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto upesi zaidi. Basi katika beseni yatangulie maji ya baridi, ndipo yafuate ya moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali. Na arudiaye seredani kwa kuogopa umeme asidhani ameokoka, kwani makaa yakiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Lakini haitakuwa haki kuwatwika wananchi mzigo huu peke yao. Twawataka wenye maduka wasiuze hita dhaifu kwa kuwa ni rahisi. Twaitaka Taasisi ya Viwango izikague. Na twalitaka Shirika la Umeme, kwa msaada wa masheha, lifike vijijini kuwafundisha watu na kuzitazama nyaya zao.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ukianguka hujengwa mwingine; mtoto akifa kwa ndoo ya maji, hakuna fundi wa kumrejesha.